Uzi: Mtoto mwenye maumivu sugu apelekwe kwa mwanasaikolojia lini, na familia iambiweje?

Muuguzi wa Watoto (mleta uzi)

Wanajukwaa, salaam. Uzi huu ni wa wazazi, walezi, walimu na wahudumu wa afya wenye mtoto anayelalamika maumivu miezi nenda miezi rudi, yawe ya kichwa, tumbo, mgongo, viungo au mifupa. Mimi ni muuguzi katika kliniki ya watoto ya hospitali ya rufaa ya mkoa mmoja hapa Tanzania, na sehemu kubwa ya watoto tunaowahudumia kwa maumivu ya muda mrefu ni wenye selimundu, ule ugonjwa wa kurithi wa seli nyekundu za damu. Ninachotaka tukijadili ni rufaa ya kwenda kwa mwanasaikolojia. Kwa maoni yangu rufaa hiyo hutolewa kwa kuchelewa mno, na ikishatolewa huandamana na maneno yanayomfanya mzazi aikatae kabla hajafika mlangoni.

Utaratibu uliozoeleka mnaufahamu. Mtoto hupimwa malaria, mkojo na choo, hupewa dawa ya minyoo, hupigwa eksirei au altrasaundi, hubadilishiwa dawa za maumivu, kisha huanza tena mwanzo kwa daktari mwingine. Baada ya mwaka au zaidi, kila karatasi ikiwa imerudi safi na kila mtu amechoka, daktari husema: «Sisi hatuoni tatizo, nendeni kwa mwanasaikolojia.» Familia husikia mambo mawili katika kauli hiyo: kwanza, kwamba mtoto anasingizia; pili, kwamba ana kichaa. Wengi wetu huduma za afya ya akili tumezifahamu kupitia jina la Mirembe, kama Wakenya walivyozifahamu kupitia Mathari na Waganda kupitia Butabika, na majina hayo mitaani hutumika kama matusi. Mzazi akiondoka na barua ya rufaa na kuitia kwenye mkoba asiifungue tena, mimi simshangai.

Tuanze na maumivu yenyewe. Maumivu sugu ni yale yanayodumu au kurudiarudia kwa zaidi ya miezi 3. Orodha ya kimataifa ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, yaani toleo la 11, inayatambua kama ugonjwa unaojitegemea na si dalili tu ya ugonjwa mwingine. Mwaka 2020 chama cha kimataifa cha wataalamu wa maumivu kilipohuisha fasili yake, kilibakiza wazo lililokuwepo tangu 1979 kwamba maumivu ni tukio la mwili na la hisia kwa wakati mmoja. Wazo hilo lina msingi katika mishipa ya fahamu. Tangu mwaka 1965, Ronald Melzack na Patrick Wall walipochapisha nadharia yao ya lango, tunajua kwamba taarifa za maumivu zinazopanda kupitia uti wa mgongo zinaweza kupunguzwa au kukuzwa njiani, na kwamba ubongo wenyewe hutuma chini amri za kufungua au kubana njia hiyo. Hofu, kukosa usingizi na kuyangojea maumivu hukuza. Utulivu na kuzama katika shughuli nyingine hupunguza. Maumivu yakikaa muda mrefu, mishipa ya fahamu huwa myepesi kupiga kelele hata pale jeraha lililoyaanzisha maumivu limepona. Kipimo cha damu hakiwezi kuonyesha hali hiyo, lakini mtoto anaumia kwelikweli.

Mwaka huohuo wa 2020, mwezi Desemba, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake kuhusu maumivu sugu kwa watoto. Umejengwa juu ya mambo matatu yanayokwenda pamoja: tiba ya viungo na mazoezi, tiba ya kisaikolojia, na dawa pale zinapofaa. Haukuiweka saikolojia mwisho wa foleni. Mofini, kwa mfano, imewekewa masharti makali na kuhusishwa na watoto walio katika hali za kutishia uhai au mwisho wa maisha, ilhali tiba ya kisaikolojia inapendekezwa kwa watoto wenye maumivu sugu kwa jumla, ana kwa ana, kwa mbali, au kwa kuchanganya njia zote mbili.

Sasa nije kwenye selimundu, kwa kuwa ndiko ninakoona kwa macho yangu. Inakadiriwa kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa na ugonjwa huu Tanzania kila mwaka. Wengi wanaifahamu ile hali ya dharura, yaani seli zinapoziba mishipa midogo ya damu na mtoto kulia usiku kucha. Wachache wanafahamu kwamba baadhi ya watoto, hasa wanapokaribia kubalehe, hupata pia maumivu ya siku nyingi za mwezi, pengine kwa sababu kichwa cha mfupa wa nyonga kimekosa damu, pengine bila kidonda chochote kinachoonekana. Juu ya hapo kuna kungojea. Mtoto anayejua kwamba maumivu huja bila hodi hulala akiyasikiliza, hukaza misuli, huacha mpira, hukosa shule, halafu huogopa kurudi shuleni kwa sababu wenzake wamemwacha nyuma.

Dawa ya haidroksiyurea imebadilisha mengi. Utafiti wa REACH uliofanyika Angola, Kongo, Kilifi nchini Kenya na Mbale nchini Uganda, na kuchapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba matukio ya maumivu yalishuka kutoka takriban 98 hadi 45 kwa kila miaka 100 ya ufuatiliaji wa watoto, yaani sawa na kuwafuatilia watoto 100 kwa mwaka mmoja. Kila mtoto anayestahili aipate. Lakini 45 si sifuri, na hofu iliyojengeka wakati wa yale 98 haiyeyuki kwa kidonge. Hapo ndipo kazi ya mwanasaikolojia ilipo, sambamba na ya daktari wa damu, bila kumngoja ashindwe.

Mimi ningependekeza kigezo rahisi: mtoto yeyote ambaye maumivu yake yamezidi miezi 3 na yameanza kumnyima shule, usingizi au mchezo, rufaa iandikwe wiki hiyo hiyo, hata kama bado kuna vipimo vinasubiriwa. Ikiandikwa wakati uchunguzi ungali unaendelea, hakuna atakayeisoma kama hukumu. Na daktari aseme waziwazi: «Maumivu ya mwanao ni ya kweli. Tunaendelea kumtibu hapa, na tarehe ya kurudi kwangu ni hii. Maumivu ya muda mrefu huuchosha mwili, usingizi na moyo, kwa hiyo kuna mwenzangu katika timu yetu anayefundisha watoto mbinu za kuyapunguza nguvu. Nataka mumwone naye.» Tarehe ya kurudi ndiyo inayobeba uzito wote, kwa sababu inamwambia mzazi kwamba hatupwi.

Karibuni kwa maswali na kwa kunipinga.

Mkereketwa

Dada Muuguzi, asante kwa andiko. Nakupinga kwa nia njema. Mtoto wa kaka yangu ana selimundu, na alipofika miaka 13 alianza kuchechemea. Hospitalini, ambayo sitaitaja, waliambiwa kwamba ana mawazo kwa sababu wazazi wake walikuwa wametengana. Alipelekwa kwenye unasihi, na muda mrefu ukapita kabla ya mtu kufikiria kumpiga picha ya nyonga. Mfupa ulikuwa umeshaharibika. Kwa familia kama yetu, «nendeni kwa mwanasaikolojia» ni namna ya daktari kunawa mikono. Unatuhakikishiaje kwamba unachokipendekeza hakitaongeza visa kama hivi?

Muuguzi wa Watoto

Ndugu Mkereketwa, pole sana kwa kijana, na pole kwa familia nzima. Kisa chako sikioni kama kinapinga hoja yangu. Aliyekosea ni yule aliyeichukua rufaa ya saikolojia kama kibali cha kuacha kuchunguza. Maumivu mapya katika mwili wa mtoto mwenye selimundu, hasa ya sehemu moja, yanayozidi akikanyaga, ni ya kuchunguzwa upya hata kama mtoto huyo yuko kwenye tiba ya mazungumzo kila wiki. Hali kadhalika homa, kifua kubana, udhaifu wa upande mmoja wa mwili, au uume kusimama kwa saa nyingi: hizo ni dharura, na hakuna mbinu ya kupumua inayotibu lolote kati ya hayo. Kwa mtoto mwenye maumivu ya tumbo, kupungua uzito, damu kwenye choo, kutapika mfululizo au maumivu yanayomwamsha usiku humrudisha kwa daktari mara moja. Kwa mwenye maumivu ya kichwa, ni kutapika asubuhi, kuona vibaya, au mwendo kubadilika.

Kuhusu wazazi kutengana: huenda ilikuwa kweli kwamba kijana alikuwa na huzuni, na huenda huzuni ile ilikuza maumivu. Mtoto anaweza kuwa na nyonga iliyooza na moyo uliovunjika kwa wakati mmoja. Kosa ni kutafuta lipi kati ya hayo mawili ndilo la kweli, kama vile moja likipatikana jingine lazima lifutwe. Ndiyo maana nasisitiza rufaa iende bega kwa bega na uchunguzi. Mwanasaikolojia mzuri anayemwona kijana mara kwa mara anaweza hata kuwa wa kwanza kugundua kwamba mwendo wake umebadilika, na akamrudisha kwa daktari kwa barua.

Niongeze jambo moja la historia, ili tusidhani kwamba kutoamini maumivu ya watoto ni tabia ya kwetu peke yetu. Hadi miaka ya 1980, katika hospitali kubwa za Ulaya na Marekani, watoto wachanga walifanyiwa upasuaji kwa dawa kidogo mno za kuzuia maumivu, kwa imani kwamba mishipa yao ya fahamu haijakomaa kiasi cha kuumia. Utafiti wa K. J. S. Anand na wenzake wa Oxford, uliochapishwa mwaka 1987, ulionyesha kwamba wachanga waliopewa dawa ya maumivu ya kutosha mwili wao haukutaabika sana kama wa wenzao, na walipata matatizo machache baada ya upasuaji. Fani nzima ya tiba ilihitaji kuthibitishiwa jambo ambalo mama yeyote angewaambia.

Mama Nuru

Shikamooni wakubwa zangu, na wengine habari zenu. Binti yangu yuko darasa la sita na ana kipanda uso. Kuna wiki anaumwa siku nyingi kuliko anazokuwa mzima. Tumetumia dawa mbalimbali, na nimemwombea sana. Sasa daktari amependekeza mwanasaikolojia. Baba yake anasema hatatoa nauli na ada kwa ajili ya mtu wa kupiga naye soga, kwani soga hata nyumbani zipo. Naomba kujua, huko ndani wanafanya nini hasa? Na mimi kama mama nifanye nini mtoto anaposhika kichwa?

Muuguzi wa Watoto

Mama Nuru, pole kwa kuuguza. Mwambie baba kwamba si soga. Tiba inayotumika zaidi ni ile ya fikra na tabia, nayo ina ratiba na kazi za nyumbani kama somo lolote. Katika vipindi vya mwanzo mtaalamu humwuliza mtoto maumivu yanaanza lini, yanamzuia nini, anafikiria nini yanapoanza. Humpa daftari la kuweka kumbukumbu. Kisha humfundisha kupumua kwa tumbo taratibu, kukaza na kulegeza misuli kuanzia vidole vya miguu hadi paji la uso, na kujijengea akilini mahali anapopapenda kwa undani wa sauti, rangi na harufu. Humsaidia kuzitambua fikra kama «leo tena sitafanya mtihani, nitafeli, maisha yangu yamekwisha» na kuzipima kama zina ukweli. Hupanga naye usingizi, maji, chakula na shughuli, ili asifanye kila kitu siku akiwa mzima halafu alale siku tatu. Kipindi kimoja kimoja huwa cha mzazi.

Kwa kipanda uso, ushahidi upo. Mwaka 2013 Scott Powers na wenzake wa Cincinnati, Marekani, walichapisha utafiti wa vijana 135 wa miaka 10 hadi 17 waliokuwa wakiumwa kichwa takriban siku 21 katika kila siku 28. Wote walipewa dawa ya amitriptilini. Nusu wakaongezewa tiba ya fikra na tabia, nusu nyingine elimu kuhusu maumivu ya kichwa. Baada ya wiki 20, kundi la kwanza lilikuwa limepunguza siku 11.5 za maumivu, la pili siku 6.8. Miaka minne baadaye utafiti mwingine mkubwa, uliolinganisha amitriptilini na topirameti dhidi ya kidonge kisicho na dawa kwa watoto na vijana wenye kipanda uso, haukuona tofauti ya maana baina yao, isipokuwa kwamba waliotumia dawa halisi walipata madhara zaidi. Usimwachishe binti dawa kwa kusoma hapa, hilo ni la daktari wake. Lakini baba akiuliza kama fedha yake inakwenda kwenye kitu kilichopimwa, jibu ni ndiyo.

Swali lako la pili ni gumu kwa mama yeyote. Mwaka 2006 Lynn Walker na wenzake, pia wa Marekani, waliwaleta watoto, baadhi wakiwa na maumivu ya tumbo ya muda mrefu na wengine wazima, wakawanywesha maji mengi hadi tumbo likajaa. Wazazi waligawanywa: wengine walifundishwa kumwuliza na kumbembeleza mtoto kuhusu tumbo lake, wengine kumgeuzia mazungumzo. Malalamiko yalikaribia kuongezeka maradufu kwa watoto waliobembelezwa, na kupungua karibu nusu kwa waliogeuziwa mazungumzo. Wazazi walidhani kugeuza mazungumzo kutamwumiza mtoto. Watoto wenyewe walisema waliona nafuu. Kwa hiyo usimwulize kila saa kama kichwa kinauma. Akikwambia, mwamini, mpe dawa iliyoandikwa kwa wakati wake, mkumbushe mbinu alizofundishwa, halafu mtume kazi ndogo anayoiweza au mwanzishie hadithi. Maombi endelea nayo. Mtaalamu mwenye adabu hatakuambia uyaache, na watoto wengi huniambia kwamba sala ndiyo inayowatuliza kabla ya kulala.

Mwalimu wa Zamu

Mleta uzi, naomba kuchangia upande wa shule, kwa sababu maumivu haya huchezwa mbele yetu. Mwalimu humwona mtoto aliyelala juu ya dawati saa mbili asubuhi, na saa nne yuko uwanjani anakimbia. Tunahitimisha kwamba anazuga. Wengine huadhibiwa, na nimeshuhudia mtoto mwenye selimundu akilazimishwa mchakamchaka alfajiri ya baridi, na mwenzake wa bweni akioga maji ya baridi kwa sababu utaratibu ni huo kwa wote. Swali langu: mtoto anaumwaje na anacheza?

Muuguzi wa Watoto

Mwalimu, nashukuru kwa kuuliza bila kuhukumu. Mtoto hucheza akiwa na maumivu, na wakati mwingine hucheza kwa sababu ana maumivu, maana mchezo ni mojawapo ya njia chache alizojigundulia mwenyewe za kulibana lile lango nililolieleza. Wodini tunatumia karatasi ya nyuso sita zinazotoka kwenye utulivu hadi kwenye uchungu mkali, mtoto huonyesha ulipo uso wake. Wapo wanaoonyesha uso wa tano huku wakiendelea kuchezea gari la kopo. Hiyo ni namba yake, na sisi hatuna kipimo kingine kinachoishinda. Kwa wale wasioweza kusema, kuna namna ya kusoma uso, miguu, kilio na jinsi anavyobembelezeka.

Shule ni sehemu ya tiba, si mahali pa kupisha tiba. Mtoto aliyekaa nyumbani miezi 2 hatarudi salama akilazimishwa siku nzima tangu Jumatatu. Mwanasaikolojia hupanga na ninyi: wiki ya kwanza vipindi vya asubuhi tu, kisha aongezewe, na awe na mtu mmoja wa kumwendea akizidiwa na mahali pa kukaa dakika chache kabla ya kurudi darasani. Kumpeleka nyumbani kila anapolalamika humfundisha kwamba maumivu ndiyo tiketi. Kumchapa humfundisha kuyaficha hadi awe mahututi. Kwa mwenye selimundu ongezeni chupa ya maji darasani na ruhusa ya kwenda chooni bila kuhojiwa, kwa kuwa figo zao hazishiki maji vizuri, sweta asubuhi, na msamaha wa mchakamchaka na maji ya baridi, ulioandikwa na daktari ili usitegemee huruma ya mwalimu wa siku hiyo.

Jambo jingine ambalo shule hukosea kulisoma: baadhi ya watoto wenye selimundu hupata viharusi vidogo visivyo na dalili za nje, na matokeo yake huonekana kama usahaulifu au uzito wa kuelewa hesabu. Mwanasaikolojia ndiye mwenye vipimo vya kumbukumbu na umakini vinavyoweza kuonyesha kwamba mtoto huyo si mvivu. Peke yake hiyo ni sababu ya kutosha ya rufaa.

Babu wa Korogwe

Wanangu, nimewasoma. Enzi zetu wazazi wa mtoto wa tumbo lisilokoma waliambiwa ana chango, akapelekwa kwa mganga. Mganga aliwaita wazazi wote wawili, bibi, na hata shangazi aliyenuniana na mama, akawasikiliza hadi usiku. Mtoto wakati mwingine alipona. Je, huyu mwanasaikolojia wenu si yuleyule kwa koti jeupe?

Muuguzi wa Watoto

Shikamoo babu. Kwa kusikiliza, mganga wa enzi zenu aliwashinda madaktari wengi wa leo wanaomaliza mgonjwa kwa dakika tano, na sitalibishia hilo. Kuwaita wazazi wote wawili ni jambo ambalo na sisi tunalihitaji, kwani mara nyingi mama peke yake ndiye anayeujua mzigo. Tofauti iko kwingine. Mwanasaikolojia hamtafutii mtoto mchawi, na kwa hiyo familia haitoki pale na adui mpya. Hamchanji chale mtoto ambaye damu yake ina shida. Hamwambii mama aache dawa za hospitali. Na akiona dalili asiyoielewa, humrudisha kwa daktari. Hatari ninayoiona kliniki ni muda: mtoto wa selimundu akikaa kwa mganga siku tatu na homa, huletwa kwetu akiwa amechelewa.

Kuna jambo nyeti zaidi ambalo kikao cha familia nzima hakiwezi kulitoa. Mwanasaikolojia hutenga muda wa kuwa na mtoto peke yake. Baadhi ya maumivu ya tumbo yasiyoeleweka huanzia kwenye kitu anachofanyiwa mtoto shuleni, njiani au nyumbani, na mfanyaji huenda amekaa kwenye mkeka uleule wa kikao. Si watoto wengi, na mzazi asituhumiwe kwa sababu tu mwanawe anaumwa tumbo. Lakini swali lazima liulizwe faraghani. Tanzania na Kenya pia zina namba 116 ya kupiga bila malipo kwa ajili ya mtoto anayedhuriwa.

Tabibu wa Wilaya

Dada, yote uliyoyasema ni mazuri kwa mkoa wenye mwanasaikolojia. Mimi niko kituo cha afya. Wa karibu yuko mbali mno, na wazazi hawana nauli ya kumrudia kila wiki. Nimpe rufaa ya kwenda wapi? Na nikiandika, niandike nini? Fomu nyingi ninazoziona zina mstari mmoja: «kwa ushauri zaidi».

Muuguzi wa Watoto

Tabibu, huu ndio ugumu wenyewe, na sina njia ya mkato. Rufaa ya mbali isimzuie mtoto kupata kilicho karibu. Kama halmashauri yenu ina afisa ustawi wa jamii au muuguzi aliyesomea afya ya akili, mwingize kwenye mpango leo: kulegeza misuli, kupumua, ratiba ya usingizi na kurudi shule ni mambo anayoweza kuyafundisha akielekezwa. Tiba ya fikra na tabia yenyewe mwachie aliyeisomea, lakini si lazima kila kipindi kiwe ana kwa ana. Mtoto aende mkoani mara ya kwanza kwa tathmini, kisha vipindi vifuatavyo viwe kwa simu mkiwa naye hapo kituoni, ili familia isigharimie nauli wala bando. Panga tarehe ya safari iangukie siku ya kliniki yake ya selimundu au ya mfupa, nauli iwe moja. Uliza pia kama vyuo vinavyofundisha saikolojia tiba, kama Muhimbili, vina wanafunzi wa uzamili wanaopangiwa mazoezi katika hospitali ya mkoa wenu.

Kuhusu fomu, «kwa ushauri zaidi» haimwambii mpokeaji lolote. Andika maumivu yako wapi, tangu lini, siku ngapi kwa mwezi. Andika uchunguzi uliokwisha kufanyika na majibu yake, ili mtoto asianze kutobolewa upya. Andika utambuzi wako wa ugonjwa na dawa kwa vipimo vyake. Kisha andika yale ambayo huwa hayaandikwi: siku za shule alizokosa muhula huu, analala saa ngapi, ameacha shughuli gani aliyokuwa akiipenda, nani anamlea, na familia imeambiwa nini kuhusu rufaa hii, kwa maneno yaleyale uliyoyatumia. Malizia na unachotaka kifanyike, kwa mfano «naomba tathmini ya hofu ya maumivu na mpango wa kurudi shule», na tarehe atakayorudi kwako. Nakala moja mpe mzazi, na umsomee kabla hajaondoka. Akikuta humo sentensi inayosema mwanawe anajifanya, atakuwa na haki ya kuichana.

Siku tatu baada ya tarehe ya miadi, mpigie mzazi. Mara nyingi utakuta hawakwenda, na sababu haitakuwa ujinga. Itakuwa nauli, au baba amekataa, au mtoto alizidiwa siku hiyohiyo. Panga nao tarehe nyingine.